Injini ya Skyline Ndani ya Datsun 240Z: Modeli Moja Kutoka Seti Mbili

Mwaka 1969 Nissan walikuwa na injini moja waliyojivunia sana, S20, yenye silinda 6 na sentimita za ujazo 1,989. Waliianzishia kwenye Skyline GT-R, na kabla mwaka haujaisha wakaifunga pia kwenye gari lao jipya la michezo, Fairlady Z. Toleo hilo likapewa jina Z432, kwa maana ya valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3 na kemshafti 2. Kwa hiyo mafundi wa leo wanaochukua injini ya Skyline ya miaka ya 1990 na kuifunga kwenye Z ya zamani hawajabuni jambo geni. Kiwanda chenyewe kiliwatangulia.

Afrika Mashariki inalijua gari la Fairlady Z kwa jina la Datsun 240Z. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Nimelichagua kwa makala hii kwa sababu linafundisha vizuri kazi ya kuunganisha seti mbili za modeli za plastiki ili kupata gari moja ambalo halikuwahi kuuzwa ndani ya boksi lolote. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya kisu na gundi. Mimi naiona kwanza kuwa kazi ya ufundi makenika, kwani unapaswa kuunda kitu ambacho, kama kingekuwa cha chuma, kingeweza kuwaka na kuondoka.

Jambo la kwanza ni skeli. Katika skeli ya 1/24, kila milimita 24 za gari halisi huwa milimita 1 kwenye modeli. Watengenezaji wa Kijapani kama Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi hutumia zaidi 1/24, ilhali AMT na MPC za Marekani zilijenga jina kwa 1/25. Tofauti yake ni asilimia 4 tu, na hapo ndipo watu hunaswa. Gari la urefu wa mita 4 litakuwa na takriban milimita 167 katika 1/24, na milimita 160 katika 1/25. Bodi ya moja haiwezi kukaa juu ya chasi ya nyingine. Lakini injini ya urefu wa sentimita 80 hutofautiana kwa zaidi kidogo ya milimita 1, na jicho halitaona. Ndiyo maana nashauri bodi na chasi zitoke skeli moja bila mjadala, ila injini, viti na vitu vidogo vinaweza kuazimwa hata kwenye skeli ya jirani.

Sasa tuziweke 240Z na Skyline GT-R ya kizazi cha R34 mezani, zote za 1/24. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye 240Z ni milimita 2,305, na kwenye R34 ni 2,665. Tofauti ya milimita 360, ukiigawa kwa 24, inakupa milimita 15 kamili. Upana nao hausaidii, kwani Z ina karibu milimita 1,630 na Skyline 1,785, yaani zaidi ya milimita 6 kwenye modeli. Wapo wanaokata chasi ya Skyline katikati, wakaondoa hizo milimita 15 na kuivisha bodi ya Z. Matokeo yake magurudumu hutokeza nje ya fenda, nao huanza kuzipanua fenda ili kuficha kosa la vipimo. Kama ulikusudia gari la mashindano lenye fenda pana tangu mwanzo, sawa. Kama hukukusudia, iache chasi ya Skyline ndani ya boksi lake na uchukue injini na giaboksi peke yake. Umbo jembamba la Z ndilo uzuri wake, na si haki kulivunja kwa ajili ya chasi ambayo haionekani mpaka gari ligeuzwe.

Injini yenyewe ni RB26DETT, silinda 6 kwa mstari, sentimita za ujazo 2,568, turbo 2, ikitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Injini ya asili ya 240Z, L24, nayo ni ya silinda 6 kwa mstari, kwa hiyo boneti ndefu ya Z tayari ina nafasi ya kumpokea mgeni huyu. Ugumu umejificha chini. Skyline GT-R hii huendesha magurudumu yote manne, na difu yake ya mbele imeshikamana na sampu ya oili. Ubavuni mwa giaboksi kuna sehemu inayogawa nguvu kwenda mbele. 240Z huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ukiitumbukiza injini kama ilivyo, sampu itagonga kiunzi cha mbele cha Z, na hata ukiilazimisha ikakaa, utakuwa umefunga difu isiyo na kazi. Mafundi wa magari halisi hubadilisha sampu, wakatumia ya injini nyingine ya familia ya RB, ya gari linalovuta kwa nyuma. Nawe ufanye hivyo kwa msumeno mwembamba: kata difu ya mbele, kata kigawa nguvu, ziba matundu kwa bapa la plastiki, jaza puti, piga msasa. Kisha pima kutoka mwisho wa giaboksi mpaka difu ya nyuma ya Z na ukate propela mpya kwa urefu huo.

Geukia ubavu wa injini. Kwenye L24 kabureta na ekzosi ziko upande mmoja. Kwenye RB26 hewa huingia upande wa kushoto, nayo turbo na ekzosi ziko kulia. Basi bomba la ekzosi lililokuja na seti ya Z halifai tena mwanzoni mwake. Lazima lianzie kulia ndipo lirudi kwenye njia yake chini ya sakafu. Na kwa kuwa seti nyingi za Kijapani zina usukani wa kulia, kama magari yetu, turbo huja karibu na fimbo ya usukani. Mtazamaji anayejua magari atachungulia hapo kabla ya kusifu rangi.

Kabla ya kununua, hakikisha seti ya Skyline ina injini, maana modeli nyingi za 1/24 huuzwa bila injini. Kama boneti ya Z imeungana na bodi, usiikate kwa nguvu. Toboa pembe zake kwa keekee ndogo, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya mstari ule ule, taratibu, mara nyingi, mpaka plastiki iachie yenyewe. Ili kujua kama boneti itafunga, bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya injini, funga boneti, halafu ifungue. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Ukikuta umebanwa kabisa, shusha vishikizo vya injini kabla hujafikiria kutoboa boneti.

Breki za R34 huvutia, lakini diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 324, sawa na 13.5 kwenye modeli. Rimu ya inchi 14 ya 240Z ni takriban milimita 14.8 katika skeli hii, hivyo kalipa haina pa kukaa. Ukizitaka breki hizo, tafuta rimu za inchi 17, ambazo kwenye 1/24 hufikia milimita 18, na uzijaribu ndani ya fenda kabla ya kupaka chochote.

Gundi na rangi hazina siri kubwa. Plastiki ya seti hizi ni polistireni, na gundi yake huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kosa lililogandishwa halirudi nyuma. Shikanisha kila kitu kwanza kwa utepe wa karatasi, injini ikiwa ndani na magurudumu yakiwa chini. Osha bodi kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, anza na praima, na fungua madirisha unapopuliza.

Mwisho, andika kwenye karatasi vipimo vyote ulivyotumia na kila ulichokata, uiweke pamoja na mabaki ya seti zote mbili. L24 iliyobaki ni injini nzima, na Skyline isiyo na injini bado inaweza kujengwa boneti ikiwa imefungwa. Ukipata mwenzako anayetaka kujaribu muungano huu, mpe karatasi ile kabla hajashika msumeno.