Miaka 20 ya Kuiamini fsync

Mwishoni mwa Machi 2018, Craig Ringer, mmoja wa wahandisi wa kanzidata ya PostgreSQL, aliwapa wenzake taarifa nzito. Kanzidata hiyo huria, inayosifika kwa kutopoteza data, ilikuwa na uwezo wa kuipoteza kimyakimya.

Ili kuelewa kilichotokea, tufuate data inavyosafiri. Ukihifadhi taarifa, PostgreSQL huandika kwanza badiliko lenyewe kwenye daftari lake la kumbukumbu. Kurasa zenyewe za data hukabidhiwa mfumo endeshi, nao huziweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuziandika diskini kwa wakati wake. Kila baada ya muda PostgreSQL hutoa amri iitwayo fsync, ambayo kwa ufupi ni swali: je, vyote vimefika diskini? Jibu likiwa ndiyo, kurasa za zamani za lile daftari hazina kazi tena, hufutwa au kutumiwa upya. Likiwa hapana, PostgreSQL husubiri kidogo na kuuliza tena.

Hapo kwenye kuuliza tena ndipo palipokuwa na mtego. Linux iliposhindwa kuandika ukurasa ilitoa taarifa ya kosa mara moja tu, kisha ikauhesabu ukurasa ule kuwa hauna deni. Swali la pili likajibiwa kwamba mambo ni shwari. PostgreSQL ikaamini, daftari likafutwa, na data ikawa haipo diskini wala daftarini.

Mwezi uliofuata watengenezaji wa sehemu ya Linux inayoshughulikia diski walikuwa na mkutano wao wa mwaka huko Park City, Utah. Andres Freund wa PostgreSQL alikwenda kuwaeleza shida ile ana kwa ana. Wenyeji wake nao walikuwa na hoja. Mtu akichomoa flashi kabla haijamaliza kuandika, kurasa zile zikae kwenye kumbukumbu hadi lini, kusubiri kifaa ambacho huenda kiko tayari mfukoni mwake? Kila upande ulikuwa na sababu zake. Februari 2019 PostgreSQL ikatoa marekebisho: fsync ikishindwa, kanzidata isiulize tena bali ijizime papo hapo, kisha iwake na kujijenga upya kutoka kwenye daftari.

Siku chache kabla ya marekebisho hayo kutoka, Tomas Vondra, naye wa PostgreSQL, alisimama mbele ya watu huko Brussels, kwenye kongamano la programu huria la FOSDEM, na kueleza ilikuwaje PostgreSQL ikaitumia fsync isivyofaa kwa miaka ishirini. Sijui kampuni ngapi zinazouza programu zingethubutu kupanda jukwaani na mada kama hiyo.

FOSDEM hufanyika kila mwaka kwenye majengo ya chuo kikuu. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha, kazi hufanywa na wanaojitolea, na chumba kikijaa hubandikwa karatasi mlangoni kwamba nafasi zimekwisha. Wewe uliyebaki nje huna wa kumlaumu. Jumuiya ya PostgreSQL ya Ulaya huitumia Ijumaa ya kabla yake kwa siku yake maalumu.

Kusaidia kuandaa mikutano ya namna hii kuna upande usio na fahari yoyote. Msimamizi wa chumba hukaa mstari wa mbele na vipande vya karatasi: dakika 10, dakika 5, muda umekwisha. Humkumbusha mzungumzaji arudie kila swali kwenye kipaza sauti, la sivyo kwenye rekodi litasikika jibu bila swali. Kazi ngumu zaidi ni ya kamati ya kuchagua mada. Kampuni zinazolipia ukumbi na chai zina wataalamu wazuri kwelikweli, na wataalamu hao wanaweza kulijaza jukwaa lote wenyewe. Ndiyo maana jumuiya ya PostgreSQL haitaki kampuni moja ishike zaidi ya nusu ya kamati ya mkutano inaoutambua. Timu kuu ya mradi wenyewe ina desturi hiyo hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya EDB ilipoinunua kampuni nyingine, 2ndQuadrant, watu watatu kati ya watano wa timu hiyo walijikuta chini ya mwajiri mmoja, na wengine wawili wakaongezwa ili kurudisha uwiano. Kwa macho yangu, hesabu hiyo ya viti inailinda programu kama yanavyoilinda marekebisho ya msimbo.

Nayo si programu ya mbali na sisi. DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, huhifadhi takwimu zake kwenye PostgreSQL: watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, wagonjwa wa malaria. Mafundi wanaolea seva za mfumo huo wanajua umeme ukikatika katikati ya uandishi diski hufanya nini, betri ya akiba hudumu muda gani, na jenereta ikichelewa kuwaka kinafuata nini. Ni ujuzi ambao waliomo kwenye vyumba vya Brussels wengi hawana. Fundi anayetaka kuueleza jukwaani, kamati huanza kwa kumwomba kichwa cha mada na aya moja au mbili za maelezo.