MBUZI WA MAONYESHO: UNENE HAUPIMWI KWA MACHO

Wengi mmeniuliza mbona mimi, ambaye kila Jumatatu huingia darasani nikinuka zizi, sijawahi kuandika juu ya mbuzi katika gazeti letu. Basi leo naandika. Nitaeleza jinsi mbuzi wa nyama anavyolelewa mpaka afike uwanja wa maonyesho. Wala sitaficha kwamba mbuzi wangu wa kwanza alinifia mikononi kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mradi wa namna hii si jambo geni Kenya. Tangu miaka ya 1960 shule za msingi zilikuwa na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilififia kwa muda mrefu, kisha serikali ikavizindua upya mwaka wa 2021. Wazo lenyewe lilitoka Marekani kwenye vyama vya 4-H. Huko kijana hununua mwanambuzi, humlea kwa miezi kadhaa, huandika kila kitu daftarini, halafu humpeleka kwenye maonyesho ya eneo lake, na mwishowe mbuzi huuzwa kwa mnada. Tena kuna shindano jingine ambamo anayepewa alama si mbuzi bali yule mtoto: anavyomwongoza mnyama wake na anavyojibu maswali. Nyanya yangu (mzaa baba, si nyanya ya kachumbari) hukumbuka watu wa kwetu wakipanda basi kwenda kutazama mifugo ya maonyesho kule Mamboleo, Kisumu. Mimi sikufika mbali hivyo. Yangu yalikuwa maonyesho madogo ya wakulima hapa hapa kwetu Homa Bay, lakini jasho lilinitoka kama ningekuwa Nairobi.

Kwanza maneno, maana hili ni gazeti la Kiswahili. Mbuzi dume aliyekomaa huitwa beberu, na ndilo jina walilopewa pia wakoloni, sijui ni kwa harufu au kwa ukali. Dume aliyehasiwa na kunoneshwa huitwa ndafu. Mbuzi wa nyama wa maonyesho, kama ni dume, yafaa ahasiwe angali mdogo, kwa sababu beberu hupoteza nguvu zake akikimbiza majike na nyama yake hunuka. Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo lakini mvumilivu. Wa Galla, yule mweupe mrefu kutoka kaskazini, Garissa na Wajir na kwingineko, hukua zaidi. Yuko pia Boer wa Afrika Kusini, mwili mweupe na kichwa chekundu, aliyetengenezwa hasa kwa nyama. Usihangaike kumtafuta Boer ikiwa huna lishe. Chotara wa Galla aliyetunzwa vizuri humshinda Boer mwenye njaa.

Sasa nije kwa Rateng'. Huyo ndiye mbuzi aliyekufa. Nyanya alinipa kitoto cheusi mwaka jana nilipokuwa kidato cha pili, kwa sharti moja: baada ya maonyesho auzwe, na pesa zilipe chakula changu cha mchana shuleni. Nilikubali mbio. Mvua za masika ziliponyesha Machi nikamfunga kwenye nyasi nzuri mbichi kando ya kijito, asubuhi na mapema kabla ya kuja shule. Nikanunua dawa ya minyoo, nikamtazama, nikasema moyoni, "Huyu ni kilo 10." Nikampa dawa ya kilo 10.

Aprili tumbo lake likawa kubwa. Mei akaanza kunenepa mashavu, au ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa chini ya taya palijaa pakawa laini kama mkate. Niliwaita rafiki zangu waje waone. Nikawaambia kombe ni letu. Nyanya alikuwa amesafiri kwenda Oyugis kwa shangazi. Aliporudi akamshika Rateng' mgongoni, akanyamaza, akanitazama. "Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "mbuzi huyu ni mifupa." Siku ya tatu nikamkuta amelala kando ya kamba. Mama alilazimika kukopa ili nile shuleni muhula huo.

Yule uvimbe wa taya haukuwa mafuta. Ni maji. Yuko mnyoo mmoja aishiye ndani ya tumbo la nne la mbuzi, mwembamba kama uzi, kazi yake kunyonya damu. Jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku moja, nayo hutoka na kinyesi. Mvua ikinyesha, mayai huanguliwa na viluwiluwi hupanda majani ya nyasi pamoja na umande, hasa sehemu ya chini karibu na ardhi. Mbuzi akila nyasi fupi zenye unyevu, amekula adui zake. Damu ikipungua sana, maji hutoka kwenye mishipa na kukusanyika chini ya taya. Mbuzi huyu si lazima aharishe, na ndiyo maana anadanganya. Mimi nilimfunga Rateng' mahali pabaya, saa mbaya, kisha nikampa dawa pungufu, maana baadaye nilikisia kwamba alikuwa karibu kilo 15. Dawa pungufu haiui minyoo yote: wale sugu hubaki na kuzaana, na mwisho dawa hiyo haifai kitu katika boma zima.

Mwalimu wetu wa Kilimo ndiye aliyenionyesha dawa ya ujinga huo. Funua ukope wa chini wa mbuzi kwa kidole gumba utazame rangi ya ndani. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukipauka, hatari. Ukiwa mweupe kama karatasi, kimbia kwa afisa wa mifugo. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano kwa kazi hii, namba 1 mwekundu hadi namba 5 mweupe, ili anayepewa dawa awe yule mgonjwa, si kundi zima bila kufikiri. Hata bila kadi, kutazama kila wiki kunasaidia. Vilevile usichukue kipimo cha kondoo ukampa mbuzi, kwa sababu dawa nyingi za minyoo mbuzi huhitaji zaidi. Muulize afisa.

Mbuzi wa pili alizaliwa Oktoba, mweupe, nikamwita Rachar. Safari hii sikukisia. Mwenye kinu cha kusaga posho ana mizani ya kuning'iniza magunia. Kila Jumamosi ya pili nilimtia Rachar ndani ya gunia, kichwa nje, nikamtundika. Watu walicheka, na wateja wakachelewesha mahindi yao wapate kuona. Lakini Januari 15 alikuwa kilo 11 na nusu, na Julai 26 alikuwa kilo 27. Gawanya mwenyewe: ni karibu gramu 80 kwa siku. Wiki mbili za Aprili hakuongeza kitu, na daftari ndilo lililoniambia. Macho yangu yalikuwa yanaona mbuzi yuleyule mzuri.

Kuhusu chakula nitasema machache. Mbuzi si ng'ombe. Hupenda kuinua kichwa na kuchuma majani ya vichaka, na huko juu viluwiluwi ni vichache. Nilimtoa baada ya umande kukauka. Jioni nilimletea majani ya viazi vitamu na lukina, ila lukina isizidi thuluthi ya chakula, maana ikizidi manyoya hunyonyoka. Kile kichaka cha lantana chenye maua ya rangi rangi kinachozingira mashamba yetu ni sumu. Mbuzi wa kilo 20 hula kama kilo 3 au 4 za majani mabichi kwa siku, na maji safi yawepo daima, na chumvi ya kulamba. Banda liwe limeinuliwa, sakafu ya mbao zenye nafasi ndogo ili kinyesi kianguke chini. Mimi nililijenga kwa vipande vya mbao vya mtumbwi wa zamani na halijabomoka.

Wiki ya mwisho jirani alinishauri nimshindilie mahindi ili tumbo lijae. Jamani, msifanye hivyo! Mbuzi asiyezoea nafaka akila nyingi ghafla, tumbo hugeuka kuwa na asidi kali, na anaweza kufa kabla ya kuonyeshwa. Kazi ya wiki ya mwisho ni kwato, kamba na maji ya kuogea. Kwato nilizipunguza kwa kisu kikali. Kamba nilikuwa nimeianza miezi miwili mbele, dakika kumi kila jioni, mpaka akajifunza kutembea kando yangu na kusimama miguu minne sawasawa.

Siku yenyewe mwamuzi hakutazama sana. Aliweka kiganja juu ya kiuno, akabonyeza pande zote mbili za uti wa mgongo. Hapo ndipo nyama ilipo, nyuma ya mbavu, na vidole husikia kama mifupa imefunikwa. Kisha akafunua midomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane, na jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akishapita mwaka mmoja. Kulikuwa na kijana aliyesema mbuzi wake ana miezi tisa, kumbe meno mawili makubwa yamechomoza! Akahamishiwa kundi la wakubwa bila maneno mengi. Mimi niliulizwa uzito, chanjo na siku ya mwisho ya dawa. Nilifungua daftari.

Chanjo niliyoulizwa ni ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa hapa Kenya mwaka 2006 kule Turkana. Hauna tiba, na huenea upesi mahali mbuzi wa maboma mengi wanapokutana, kama hapo uwanjani. Mbuzi anayerudi kutoka maonyesho akae peke yake majuma mawili au matatu kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Rachar hakurudi. Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa na kiuno kipana zaidi, hata mimi niliona. Mnunuzi mmoja akamwinua kwa mikono, akasema, "Kilo 22 hizi, nitakupa 6,500." Nikamwambia, "Mzee, samahani, mizani iko pale." Ikasoma 27 na nusu. Tulibishana kidogo, akatoa shilingi 8,500. Alipomfungua kamba Rachar alinifuata hatua tatu nne, kama nilivyomzoesha, nikageuka upande mwingine.

Chakula cha muhula wa tatu kimelipwa, na deni la Mama limekwisha. Kamba Nyanya ameitundika kwenye msumari mlangoni. Yule jike wake mwekundu ana mimba ya miezi mitatu, na mbuzi hubeba mitano.