Kwa nini mtoto hutiwa dawa ya matone kabla ya kupimwa macho

Mzazi akitoka Mwanakwerekwe kumpeleka mtoto kliniki ya macho, iwe Mnazi Mmoja au kwengineko, huenda mtoto akatiwa kwanza dawa ya matone. Inawasha, mtoto analia, kisha wanaambiwa wasubiri. Mzazi hujiuliza: tumekuja kupima, dawa ya nini?

Ndani ya jicho mna lenzi inayoendeshwa na misuli midogo. Tukitazama kitu cha karibu, misuli hukaza na lenzi hunenepa. Kwa mtoto, misuli hiyo ina nguvu sana. Mwenye tatizo la kuona karibu anaweza kukaza macho akasoma herufi zote, akaonekana mzima. Mwengine hukaza hadi kipimo kikaonesha haoni mbali, akapewa miwani asiyoihitaji.

Dawa hiyo, mara nyingi saiklopentoleti, hulegeza misuli kwa muda na kupanua mboni. Baada ya dakika 30 hadi 45, mtaalamu humulika jicho, huweka lenzi tofauti mbele yake na kuangalia mwanga unavyorudi. Mtoto hahitaji kujibu neno, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hupimika.

Baadaye mwanga mkali utamsumbua na vitu vya karibu ataviona kwa ukungu. Kwa saiklopentoleti hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku 1. Kwa atropini, ambayo ni kali zaidi, inaweza kufika wiki 1 hadi 2. Mvishe kofia, asiendeshe baskeli, na mwambie mwalimu wake skuli. Akipata homa, uso ukawa mwekundu, akaweweseka au akasinzia kupita kawaida, mrudishe hospitali haraka. Kama ana kifafa au maradhi ya moyo, mwambie daktari kabla hajatiwa dawa. Usimtie mwenyewe nyumbani bila ya maelekezo ya daktari.

Kwa nini usumbufu wote huu? Jicho moja likiwa na tatizo kubwa lisilogundulika, ubongo hulizoea jengine na kuliacha hilo. Hilo ndilo jicho vivu. Miwani sahihi ikivaliwa mapema, hasa kabla ya miaka 7, jicho lina nafasi nzuri ya kupona. Akichelewa sana, hata miwani haitamrudishia uoni kamili. Baadhi ya makengeza pia hunyooka kwa miwani tu, bila ya operesheni.

Basi msikilizaji, ukiambiwa usubiri dawa ifanye kazi, subiri.