Mwanamke Aliyefuma Hadithi za Bibi Yake

Haipiti robo mwaka bila ofisi yetu kupokea maombi ya miradi ya kazi za mikono ya akina mama: kusuka vikapu, kutia batiki, kushona, kufuma. Wafadhili wetu nao wana swali lao wanalolirudia kila mara: je, miradi hii inamwinua mama kweli, au inakufa mara tu fedha zinapokwisha?

Swali hilo ni la haki. Sisi wenyewe tumewahi kujikwaa. Tulikinunulia kikundi kimoja vyerehani, tukapiga picha siku ya kukabidhi, tukaandika taarifa nzuri. Miaka miwili baadaye tulivikuta vyerehani hivyo vimefunikwa kitenge kwenye kona ya ukumbi wa kanisa. Akina mama walijua kushona. Kilichokosekana ni mnunuzi, na hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote habari zake.

Kwa sababu hiyo, katika toleo hili tumeona vema tutazame mahali ambapo kazi ya mikono ilianza katika mikono ya kanisa, ikakua hadi kuwa sanaa inayoheshimiwa duniani. Mahali hapo ni Rorke's Drift, Afrika Kusini. Na mtu tunayetaka mumfahamu ni mfumaji Allina Ndebele.

Palipokuwa uwanja wa vita

Rorke's Drift iko kando ya mto Buffalo, katika jimbo linaloitwa leo KwaZulu-Natal. Wazulu wanauita mlima wa hapo Shiyane. Mmisionari Msweden, Otto Witt, alikuwa na kituo hapo, na tarehe 22 na 23 Januari 1879 majengo ya kituo yakawa uwanja wa mapigano makali kati ya askari wa Kiingereza na jeshi la Wazulu. Kwa miaka mingi watalii walipafahamu kwa vita hiyo tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wawili, mtu na mke wake, Peder na Ulla Gowenius, walifika kutoka Sweden. Walikuwa wasanii waliosoma Stockholm. Kazi yao ya kwanza ilihusu hospitali za misheni, ambako wagonjwa wa kifua kikuu walilazwa kwa miezi mingi bila shughuli. Katika hospitali ya Ceza mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Azaria Mbatha, ambaye baadaye alijulikana sana kwa picha zake za kuchapa za habari za Biblia. Wasomaji wetu wa Kagera watapenda kujua kwamba Ceza hiyo hiyo ndipo alipotumika Bengt Sundkler kabla hajaja Bukoba, ambako baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa dayosisi.

Mwaka 1962 kituo cha sanaa na kazi za mikono cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kilianza Umpumulo, na mwaka 1963 kikahamia Rorke's Drift. Ufumaji ulikuwa moyo wa kazi yenyewe. Baadaye ziliongezwa karakana za ufinyanzi na kuchapa vitambaa, na tangu mwaka 1968 pakawa na shule ya sanaa.

Tusisahau nyakati zenyewe. Sheria za ubaguzi wa rangi zilimfungia Mwafrika karibu kila mlango wa elimu ya sanaa. Wanaume walikwenda migodini na viwandani, mbali na nyumbani. Akina mama walibaki na watoto, mashamba madogo na ardhi iliyochoka. Fedha iliyotoka kwenye kitanda cha kufumia ilimaanisha chakula na ada ya shule.

Mkalimani aliyekuwa mwalimu

Allina Ndebele, aliyezaliwa mwaka 1939, hakuanza kama mfumaji. Aliajiriwa na akina Gowenius kuwa mkalimani, kwa kuwa wao hawakujua Kizulu. Lakini mkalimani mzuri hawezi kutafsiri asichokielewa. Ili aeleze namna ya kutandika nyuzi, ilimbidi kwanza azitandike mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1960 alipelekwa Sweden kusomea ufumaji, kisha akarudi Rorke's Drift kufundisha. Tunaomba kamati zetu zilitazame jambo hili. Miaka michache tu baada ya kituo kuanza, mwenyeji alishakuwa mwalimu. Akina Gowenius walipoondoka Afrika Kusini kuelekea mwisho wa miaka hiyo, ujuzi haukupanda nao ndege.

Kazi inafanyikaje?

Kwetu, tukisema kufuma, wengi hufikiri sindano na vitambaa vya kufunika viti. Hapa tunazungumzia kitanda cha mfumi, fremu kubwa ya mbao inayojaa chumba.

Kwanza manyoya ya kondoo husafishwa, huchambuliwa na kusokotwa kuwa uzi. Uzi huo wa sufu huchovywa katika rangi na kuanikwa. Kisha nyuzi imara hutandikwa kwenye kitanda, zimekazwa sambamba kama nyuzi za zeze. Huo ndio mtande. Mtande haubebi picha, hubeba uzito. Uzi wa rangi unaopita kulia na kushoto katikati ya mtande huitwa mshindio, na picha yote hutokana na mshindio.

Katika kitambaa cha kawaida mshindio husafiri kutoka ukingo hadi ukingo. Katika zulia la ukutani lenye picha sivyo. Uzi mwekundu wa shuka la mama huenda na kurudi pale tu penye shuka, ukakutana na uzi wa kahawia wa ng'ombe, nao ukageuka. Mfumaji anaweza kuwa na nyuzi nyingi za rangi mbalimbali zikining'inia kwa wakati mmoja. Kila mstari hushindiliwa kwa chanuo hadi mtande usionekane tena. Kwa siku nzima picha huenda ikapanda kwa vidole vichache tu, na zulia kubwa huchukua miezi.

Kuna jambo jingine. Kadiri kazi inavyosonga, sehemu iliyokamilika huviringishwa kwenye gogo la kitanda, na mfumaji haioni tena. Huko Ulaya, wafumaji wengi wa mazulia ya picha walifuata mchoro uliochorwa na msanii mwingine. Rorke's Drift walichagua njia nyingine: akina mama walihimizwa kutunga wenyewe moja kwa moja kwenye kitanda, bila kunakili mchoro wa mtu. Mama alianza chini na hadithi yake kichwani, akaifuata mstari kwa mstari. Siku ya kukata kazi kitandani ndiyo siku aliyoiona nzima kwa mara ya kwanza.

Allina Ndebele alichota hadithi zake kwa bibi yake. Ni ngano za Kizulu ambazo watoto walisimuliwa jioni, zenye wanyama, ndege, miti na viumbe wa ajabu. Mtu asiyejua Kizulu akisimama mbele ya zulia lake huona viumbe vikigusana na kugeukiana, akaelewa kwamba anasimuliwa jambo.

Kwa nini hadithi ina thamani?

Hapa ndipo penye somo la uchumi. Mkeka wa kawaida hushindana na mkeka wa plastiki wa dukani, na kwa bei hushindwa. Kikapu kizuri kinachofanana na vikapu elfu vingine kitaigwa na kiwanda. Lakini zulia lililofumwa kutoka kichwani mwa mtu mmoja halina pacha. Mnunuzi hawezi kulipata kwingine, kwa hiyo mfumaji ana nguvu ya kutaja bei.

Hatusemi kwamba mikeka na vikapu visisukwe. Mama wa pwani anayesuka ukili, na mama wa Ukambani anayesuka kiondo huku akitembea njiani, wana elimu ya miaka mingi katika vidole vyao. Tunachosema ni kwamba elimu hiyo ndiyo mtaji. Mradi unaomwambia mama aache nakshi anazozijua na kunakili picha ya twiga iliyoletwa na mgeni unautupa mtaji huo.

Faida nyingine ni kule kukaa pamoja. Mfumaji hutunga peke yake, lakini hafanyi kazi peke yake. Wapo wanaosokota, wanaochovya rangi, wanaosaidiana kutandika mtande, kwani mtu mmoja hawezi kuukaza sawasawa. Anayekwama katika kona ya picha huuliza jirani.

Kuanza upya nyumbani

Mwaka 1977 Allina Ndebele aliondoka Rorke's Drift akarudi kwao, Swart Umfolozi, akaanzisha karakana yake mwenyewe. Huko alifuma na kuwafundisha wengine.

Tusiipambe habari hii. Karakana ya kijijini hununua sufu leo, na zulia huuzwa baada ya miezi. Katikati hapo kuna watoto wa kulisha. Wanunuzi wa kazi kubwa wako mijini na ng'ambo. Hata kituo mama kilipata misukosuko: shule yake ya sanaa ilifungwa mwaka 1982. Ujuzi peke yake haulipi nauli ya kwenda sokoni.

Hata hivyo jasho lake halikusahaulika. Mwaka 2005 serikali ya Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Ikhamanga, daraja la Fedha, ambayo hutolewa kwa waliofanya makubwa katika sanaa, utamaduni na michezo. Mwanamke aliyeanza kwa kutafsiri maneno ya wengine alitunukiwa kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwa sufu.

Akina Gowenius nao walisonga mbele. Mwaka 1973 walisaidia kuanzisha kiwanda cha wafumaji katika kijiji cha Oodi, Botswana, karibu na Gaborone. Safari hii tangu mwanzo lengo lilikuwa kiwanda kiwe mali ya wafumaji wenyewe. Sisi tunalisoma hilo kama somo: kumfundisha mtu kazi ni hatua ya kwanza, kumkabidhi kitanda na daftari la hesabu ni hatua ya pili.

Tunayojifunza

Kabla ya kutuandikia ombi la mradi wa kazi za mikono, tunaziomba kamati zikae na akina mama wenyewe na kujibu maswali haya:

1. Ni ujuzi gani ambao akina mama tayari wanao, na ni nani kati yao ataweza kuwafundisha wenzake baada ya miaka miwili?
2. Nani atanunua, yuko wapi, na kazi itamfikia kwa njia gani?
3. Malighafi italipiwa na nini katika miezi ya kusubiri mauzo?
4. Vifaa ni mali ya nani? Ya parokia au usharika, ya mwenyekiti, au ya kikundi?
5. Nakshi zinatungwa na nani?

Nanyi wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba jambo moja gumu, nalo ni subira. Zulia halifumwi kwa robo mwaka, wala mwalimu hapatikani kwa semina ya siku tatu. Katika taarifa zetu zijazo huenda mkakuta picha chache za vifaa vipya na habari nyingi zaidi za masoko na hesabu. Msidhani kazi imepoa. Mtakuwa mnaona mtande ukikazwa, nao ndio utakaobeba uzito wote wa kazi.

Vile vyerehani vya kwenye kona ya ukumbi bado vipo. Mwezi uliopita tulirudi kwa akina mama wale. Safari hii hatukwenda na kifaa chochote. Tulikaa chini, tukawauliza wanajua nini.