Faiba imefika kaunti, mbona haijafika kwangu?

Kampeni zikianza huku Migori na Homa Bay, hakosi mtu wa kudai ndiye aliyetuletea intaneti, na mpinzani wake wa kujibu kwamba hakuna kitu. Mnaniuliza sana nani anadanganya. Jamani, wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli.

Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na inaenda mwendo wa kobe. Mradi wa pamoja wa kanda, EASSy, ulikuwa umekwama kwa mivutano, kwa hiyo serikali ikaungana na kampuni za simu pamoja na Etisalat ya Falme za Kiarabu kulaza kebo ya TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Ikafika Juni 2009. SEACOM ikawashwa mwezi uliofuata.

Sasa, kebo ya baharini inaishia Mombasa. Kuivusha bara ilikuwa kazi ya NOFBI, mtandao wa faiba wa serikali. Awamu yake ya pili, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ililenga makao makuu ya kaunti zote 47. Soma tena hapo: makao makuu. Mtu wa jukwaani akisema "imefika", anamaanisha mjini. Wewe uliye Muhuru Bay au kisiwani Mfangano ni hesabu nyingine kabisa.

Na hesabu yenyewe ni hii. Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba mtaro. Mtaro wa kilomita moja hauna bei nafuu eti kwa sababu una wateja watano badala ya mia tano. Nairobi, ploti moja ina familia ishirini; huku kwetu boma liko hapa, lingine kule ng'ambo ya shamba. Kampuni ikipiga hesabu, inabaki mjini. Kupitisha kebo kwenye nguzo za stima kunapunguza gharama, bora nguzo ziwepo.

Halafu kuna ada ya kupitisha kebo. Kaunti inasema barabara ni yake na inahitaji mapato. Sawa. Lakini ada inayodaiwa kabla mteja wa kwanza hajaunganishwa, mwishowe ni sisi tunailipa, ama kwa bili ama kwa kukosa huduma.

Kuna mfuko ambao wanasiasa hawautaji sana: Mfuko wa Huduma kwa Wote, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ili maeneo yasiyo na faida yafikiwe. Mimi ningetaka kelele zote zihamie hapo. Mwaka 2022 tukatangaziwa kilomita 100,000 za faiba, na tangu hapo watu wanabishana kilomita. Mtoto wa Nyatike anayetuma maombi ya chuo kwa KUCCPS halali kwenye kilomita. Analipa nauli hadi mjini, kisha analipa saiba. Huduma za serikali nazo zimehamia eCitizen, kwa hiyo mzazi wake analipa vilevile.

Starlink ipo tangu Julai 2023 na visiwani inasaidia kweli, kwa anayemudu kifaa.

Kwa hivyo mgombea akija, msimuulize kilomita ngapi. Muulizeni ni shule zipi na zahanati zipi, kwa majina. Kisha muulizeni bili ya kila mwezi italipwa na nani baada ya utepe kukatwa.