Kabla ya kutumwa kuuliza watu juu ya maumivu yao



Leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipitia bila mtu kutuelezea: kutumwa kijijini na karatasi ya maswali. Sisi wa agronomia tumezoea kuuliza juu ya mashamba. Lakini siku hizi karatasi nyingi ziko pia na maswali juu ya ulemavu, juu ya kuchunga mgonjwa nyumbani, na juu ya afya ya akili. Hapo kazi inabadilika, na mafunzo ya asubuhi moja hayatoshi.

Nianze na yangu. Nilikuwa L1, wakati wa likizo. Mradi moja ulitafuta wanafunzi wa kuuliza watu juu ya mihogo, huku kwetu Kivu ya Kusini. Walitufundisha asubuhi, saa sita tukapewa karatasi. Mwisho wa karatasi kulikuwa yale maswali tisa ya huzuni yanayotumiwa mu inchi nyingi. Yanauliza namna mtu alivyojisikia mu majuma mawili yaliyopita: usingizi, chakula, kukosa nguvu. Swali la tisa linauliza kama mtu amefikiri kwamba heri afe, ao kujiumiza.

Nikaingia kwa mama moja. Kijana wake, pengine wa miaka kumi na miwili, alitembea na fimbo mbili, magoti yanagusana. Niliuliza shamba, akajibu vizuri. Nikafika kwa swali la tisa. Alinyamaza, kisha akasema: "Ndiyo, karibu kila siku." Mimi nikaandika 3, nikasema asante mama, nikaenda nyumba ya pili.

Jioni nilimwambia msimamizi wetu. Aliniuliza kitu moja tu: "Umefikisha karatasi ngapi?"

Nililala vibaya. Kisha siku mbili nikarudi kule na muuguzi wa kituo cha afya. Tulimkuta mama anapepeta maharagi. Hakuwa na hasira. Alisema tu: "Mwanangu, uliniuliza, nikakujibu, ukaandika, ukaenda."

Nilikuwa nimejifunza kujaza karatasi. Hakuna mtu alinifundisha kukaa.

Kwa nini mtu wa agronomia aingie mu mambo ya ulemavu?

Juu ulemavu mwingine unaanzia shambani na jikoni. Mufano ni konzo. Ni ugonjwa unaolemaza miguu miwili kwa gafula. Mtu analala muzima, asubuhi miguu imekauka. Haiambukizi, haizidi pole pole kama magonjwa mengine, lakini pia haina dawa ya kuiponya. Inashika sana watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliiandika mu 1938, kule Kwango. Na huku kwetu, mu 2011, watafiti waliandika juu ya konzo iliyoonekana Burhinyi, mu teritware ya Mwenga.

Sababu yake ni mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri. Mihogo hiyo iko na sianidi. Kuiloweka siku tatu ao zaidi na kuikausha kunapunguza sumu. Lakini vita ikiingia, njaa ikikaza, ao mtu akiwa na haraka ya kuuza, analoweka siku moja tu. Na kama nyumbani hakuna samaki wala nyama, mwili unakosa protini ya kuusaidia kutoa ile sumu.

Kule Kay Kalenge, mu teritware ya Popokabaka, daktari Banea na wenzake walifundisha wamama njia rahisi ya Howard Bradbury wa Australia: unalowesha unga na maji, unautandaza mwembamba juu ya mukeka, saa mbili kwa jua ao saa tano kwa kivuli, sumu inatoka kama hewa, kisha unapika bugali siku ile ile. Wamama waliishika njia hiyo, na wagonjwa wapya hawakuonekana tena.

Kuna jambo lingine. Kule Kahemba, Desire Tshala-Katumbay, daktari wa mishipa, pamoja na Michael Boivin na wenzao walipima akili ya watoto. Mu 2013 walionyesha kwamba hata watoto wanaotembea vizuri, lakini wanaokaa mu vijiji vya konzo, walipata matokeo ya chini kuliko watoto wa pahali pasipo konzo. Hii inatufundisha kitu: macho yako peke yake hayawezi kukuambia nani ameguswa. Kazi hii inahitaji mtu wa agronomia, muuguzi, daktari, na mtu wa saikolojia, wote pamoja.

Kufundisha na kusindikiza si kitu moja

Kufundisha ni kukupatia ujuzi mbele ya safari. Kusindikiza ni mtu mwenye uzoefu kukaa karibu na wewe mpaka kazi inaisha. Mwanafunzi anahitaji vyote viwili.

*Mbele ya safari.* Kwanza jifunzeni kuuliza. Juu ya ulemavu, usiulize "Kuko kilema hapa nyumbani?" Watu wataficha, wengine kwa haya, wengine juu wanaogopa maneno ya uchawi. Kikundi cha Washington, kilichoanzishwa mu 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, kilitengeneza maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka ao kutuliza akili, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu. Unauliza: "Uko na shida ya kutembea ao kupanda ngazi?" Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida mingi, siwezi hata kidogo. Lakini mujue, yale sita hayaulizi juu ya huzuni wala wasiwasi. Hiyo inahitaji maswali mengine.

Pili, lugha. Ukitafsiri peke yako usiku, utapotea. Kwetu mtu hasemi ugonjwa wa huzuni. Anasema "niko na mawazo mingi", "moyo unasumbuka", "usingizi umenikimbia". Mtu moja atafsiri kutoka Kifaransa, mwingine ambaye hakuona ya kwanza arudishe mu Kifaransa, kisha mulinganishe. Mujaribu pia kwa watu wachache, muwaulize walisikia nini.

Tatu, ruhusa. Mtu anapashwa kujua kwamba anaweza kukataa, ao kuacha katikati, na hatapoteza kitu. Usimwache afikiri kwamba karatasi italeta mbegu ao feza. Kwa mtoto, ruhusa ya mzazi ni lazima, lakini umuulize pia mtoto mwenyewe. Kamati ya maadili ya utafiti inapitisha kazi mbele, si nyuma.

Nne, na hii ndiyo niliikosa: karatasi ya "tumpeleke wapi?" Kituo cha afya gani kiko karibu, muuguzi gani anapokea, namba gani ya simu, nani analipa njia. Bukavu, kwa mufano, kuko SOSAME, pahali pa kutunza magonjwa ya akili. Lakini mtu wa kijijini atafikaje? Kama jibu la hiyo halipo, swali la tisa lisiulizwe bado.

*Kule kijijini.* Anayekusindikiza akae na wewe kwa nyumba za kwanza, asikilize, asahihishe. Mtu akijibu "ndiyo" kwa swali la tisa, unaweka kalamu chini. Unamuuliza pole pole kama leo yuko na nia ya kujiumiza, kama kuna mtu karibu anayemwamini. Kama hatari iko, humwachi peke yake. Unaita msimamizi ile saa, na munampeleka kwa muuguzi. Wewe si munganga, usijifanye munganga. Kazi yako ni kutomwacha peke yake mpaka mwenye kazi afike.

Kila jioni mukae pamoja nusu saa, si kuhesabu karatasi tu. Kila mtu aseme nini kilimlemea, bila kutaja majina ya watu. Mwanafunzi anayesikia mambo mazito nyumba kumi kwa siku, naye anabeba. Wengi wetu pia tulikimbia vita. Maneno ya mtu mwingine yanaamsha ya kwetu.

*Kisha safari.* Ukusanyaji ukiisha, msimamizi akufundishe kusoma takwimu, si kuzichukua na kupotea. Kama uliandika sehemu ya kazi, jina lako liwe pale. Na matokeo yarudi kijijini, kwa lugha ya kijijini.

Wenye ulemavu si wa kuulizwa tu

Inchi yetu iko na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Mu utafiti, haki inaanza hapa: mwanafunzi asiyeona ao anayetembea na fimbo awe pia kati ya waulizaji na waandikaji. Anajua maswali ambayo sisi hatujui kuyafikiri.

Mbele ya kukubali kazi, uliza haya

Nani atakaa na mimi kwa nyumba za kwanza? Mtu akiwa mu hatari, namwita nani, na simu yake itashikwa? Kamati imepitisha? Tutafundishwa siku ngapi? Matokeo yatarudi kwa wenyewe? Kama unaandika TFC, muulize msimamizi wako vile vile, kwa heshima. Mwalimu muzuri hatakasirika.

Najua feza ya likizo inahitajika. Hata mimi niliihitaji. Siku hizi nikienda kuuliza, karatasi ya "tumpeleke wapi?" ndiyo naandika ya kwanza, mbele ya swali lolote la shamba. Na yule mama, muuguzi aliendelea kumtembelea. Mara ya tatu ndipo alianza kuongea.