Ufa Hauzibwi kwa Ujasiri

Dada yangu aliolewa Otonglo, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Wiki mbili baada ya Idi alinipigia simu Mombasa. Hakuuliza habari za bahari wala bei ya nazi. Alisema, "Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Mimi amenishinda."

Nikapanda basi. Otonglo ni soko lililo kando ya barabara iendayo Busia, ukishaupita uwanja wa ndege. Juu yake kuna vilima vya Riat, na upande wa chini liko ziwa. Nilifika alasiri nikakuta ngege wa kukaanga ananingoja, na mpwa wangu ameketi barazani katikati ya vyuma.

Vyuma gani? Mtu asiyejua angedhani ni vifaa vya jahazi. Palikuwa na kamba ndefu, pete za chuma zenye mlango wa kufunga na kufungua, mikanda ya nailoni, na vidude vyenye vipande vinne vya madini mepesi vilivyopinda kama mwezi mchanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefungua duka la vyuma?"

Akacheka, lakini mama yake hakucheka.

Kijana huyu ameajiriwa hotelini Aqaba, katika nchi ya Jordan. Siku zake za mapumziko huenda Wadi Rum, jangwa lililo mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mji ule, akapanda majabali. Mabedui wa huko waliyajua majabali hayo tangu zamani, wakiyapanda kuwinda mbuzi wa milimani, bila ya kidude chochote cha chuma. Mwaka 1984 alikuja Mwingereza Tony Howard na wenzake, wakapanda na kuandika njia walizozipata, na tangu hapo wapandaji hutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2011 UNESCO iliitia Wadi Rum katika orodha ya urithi wa dunia.

Mpwa wangu alikuwa likizoni. Baada ya siku kumi angerudi kazini, na yeye na wenzake wawili walikwisha kupatana kupanda ufa mmoja mrefu na mpana. Hilo ndilo lililomnyima mama yake usingizi.

Kesho yake nikamwambia, "Nipeleke mahali penye ufa, unionyeshe. Siwezi kuhukumu nisilolijua." Tukapanda matatu ya njia ya Bondo hadi Kit Mikayi, kule Seme. Hapo pana mawe makubwa mno yaliyobebana, yakafika kimo cha mita arubaini hivi. Kwa Kijaluo jina hilo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alilipenda jiwe lile hata akawa anashinda hapo kutwa, na mkewe akiulizwa aliko bwana, hujibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Hata leo wako watu wanaofika kufunga na kuomba kati ya mawe hayo. Mpwa wangu hakupanda hata hatua moja. "Mahali pa ibada ya watu si pa kuchezea, mjomba," alisema. Nikafurahi kwamba malezi hayajapotea.

Tukasimama penye mwanya wa mawe mawili, akaanza kunisomesha. "Ufa ukiwa wa kuingia vidole au kiganja, unakushika wenyewe. Ukiwa wa ngumi, bado unakushika. Ukiwa wa kuingia mwili mzima, unauegemea kwa mgongo na kusukuma kwa miguu. Taabu iko hapa katikati. Ngumi inapwaya, na mwili hauingii. Hapo unatia mkono hadi begani, goti na kisigino, ukajisukuma shibiri moja moja."

"Ukiteleza?"

"Ninashikwa na kabari niliyoiacha chini yangu."

Msomaji, hapa ndipo penye elimu yote. Mpandaji hufunga kamba kiunoni, na mwenzake aliye chini huishika. Kila anapopanda hutia kabari katika ufa na kupitisha kamba ndani ya pete yake. Akianguka, ataanguka hadi chini ya kabari ya mwisho, kisha kamba itamdaka. Kwa hiyo maisha yake hayategemei nguvu za mikono yake peke yake. Yanategemea kabari: ni ya kadiri gani, imekaa vipi, na ziko ngapi.

Zamani Waingereza walikuwa wakiokota vijiwe, wakavikwamisha katika ufa na kuvizungushia kamba. Baadaye wakatumia nati za mitambo. Lakini nati haishiki katika ufa ambao kuta zake zimekwenda sambamba. Dawa ilipatikana kwa Mmarekani Ray Jardine, mtu wa elimu ya ndege, ambaye kabari zake za vipande vilivyopinda zilianza kuuzwa mwaka 1978 kwa jina la Friends, yaani marafiki. Ukivuta kifyatuo, vipande husinyaa, ukaiingiza. Ukiachia, hutanuka na kugusa kuta. Kamba ikivutwa chini kwa nguvu, vipande husukuma kuta pande mbili, na kadiri ya mvuto ndivyo kabari inavyozidi kubana.

Basi mtu huchaguaje? Mpwa wangu alitoa futi ya fundi mfukoni. La kwanza, alisema, ni kuujua upana wa ufa kabla ya kwenda dukani, kwa kuwauliza waliokwisha kuupanda. Kabari ya Black Diamond namba 4 hukaa katika ufa wa sentimita 7 hadi 11 hivi; namba 5, wa 9 hadi 14; namba 6, wa 12 hadi 19. Lakini usiitumie mwisho wa kadiri yake. Ikiwa imetanuka mno, hutikisika na kupinduka. Ikiwa imesinyaa mno, hunasa usiweze kuitoa. Ufa wa sentimita 14 unataka namba 6, ingawa namba 5 huonekana kama inafika.

Ufa ukizidi hapo kuna bomba liitwalo Big Bro, alilolibuni Mmarekani Craig Luebben katika miaka ya 1980. Lina springi ndani. Ukiliachia hurefuka hadi kugusa kuta zote mbili, kisha hukazwa kwa kuzungusha kola yake. Ni jepesi kwa upana wake, ila linataka kuta zilizokwenda sambamba na mkono uliotulia wa kulitia.

La pili ni aina ya jiwe. Majabali ya Wadi Rum ni mawe ya mchanga, laini kuliko haya ya Kit Mikayi. Kabari yaweza kukwaruza ukuta na kuchomoka, kwa hiyo huitia ndani zaidi, penye ukuta mzima. Mvua ikinyesha, jiwe hilo hupungukiwa na nguvu, nao hungoja likauke. Mchanga nao huingia katika springi. Husafishwa kwa brashi na maji, si kwa mafuta mazito yanayokamata vumbi. Na mikanda ya nailoni huzeeka kwa jua, hata kama macho hayaoni tofauti.

La tatu ni idadi. Nikamwuliza, "Ufa wenu unataka ngapi?"

Akatazama chini. "Upana wake ni mmoja kwa mwendo mrefu. Zingefaa namba 6 nne. Tunazo mbili. Nitakuwa naisukuma moja juu kila ninapopanda, na nyingine nitaiacha katikati. Kila moja inazidi dola mia, mjomba. Nitaongeza msimu ujao. Ninaujua ufa ule, siogopi."

Neno hilo, msimu ujao, lilinichoma. Nikaketi juu ya jiwe, nikamweleza jambo ambalo mama yake hajapata kumwambia. Kaka yetu mkubwa alikuwa mkwezi wa minazi. Kitanzi chake cha miguu kilikuwa kimelika, naye alikijua. Alisema atanunua kamba mpya siku ya mnada. Ilikuwa imebaki siku mbili. Kamba hukatikia pabovu, naye akakatikiwa juu ya mnazi alioupanda tangu utoto wake. Hakufa, lakini hakutembea tena bila ya fimbo. "Alikuwa haogopi," nikamwambia. "Mnazi haukumwuliza."

Hatukuzungumza njia nzima ya kurudi.

Usiku, baada ya Isha, aliandika kwa wenzake. Wakapatana waulize kwa wapandaji wengine walioko Rum kama kuna wa kuwaazima. Zisipotimia nne, watapanda njia nyingine, yenye ufa wa kiganja, na huu mpana utangoja. Ufa haukimbii.

Mama yake alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha. Zilikuwa fedha ambazo kijana mwenyewe alimletea abadilishe mabati ya nyumba.

"Kama huachi," alisema, "basi usiazime. Nunua. Mabati yatangoja mwaka mwingine. Kuvuja kwa nyumba nimekuzoea."

Kijana hakuipokea. Dada yangu aliiweka juu ya kamba zake, akarudi jikoni kukoka moto. Asubuhi niliporudi Mombasa, bahasha ilikuwa bado iko pale pale.